Kemia ya Ubongo Hai Kwenye Kompyuta Mpakato: FSL-MRS Yatua Mgololo

Jamani, tuanze na kilele!

Kimesimama wima, kirefu na chembamba, kwenye namba 2.01 ya mstari wa chini wa grafu. Hicho ni kilele cha N-asetilaspartati, NAA kwa kifupi, kemikali inayotengenezwa na seli za neva ndani ya ubongo wa mtu aliye hai. Mtu huyo hakukatwa, hakuchomwa sindano wala hakunyweshwa dawa ya rangi. Alijitolea, akalala ndani ya mashine ya MRI kwa dakika chache, akainuka na kwenda zake. Nami niko Mgololo, Mufindi, ukungu umefunika mashamba ya paina na moshi wa kiwanda cha karatasi unapanda taratibu, nasoma kiasi cha kemikali za kichwa chake kwenye kompyuta mpakato ya kawaida kabisa. Kwa programu ya bure!

Programu hiyo inaitwa FSL-MRS. Imetengenezwa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, na William Clarke, Charlotte Stagg na Saad Jbabdi, na makala ya kuitambulisha kwa wanasayansi ilichapishwa mwaka 2021. Nimeipakua, nimeiweka, nimeiendesha kwa data za mfano zinazokuja nayo, na nasema bila kupepesa macho: sijawahi kushika chombo cha sayansi kilichonisisimua kiasi hiki. Ngoja nikueleze kwa nini.

Picha tunaijua, sasa tuijue kemia

Wengi wetu tukisikia MRI tunafikiria picha. Mgonjwa anaingia kwenye tundu la sumaku, mashine inagonga na kunguruma, daktari anapata picha safi za ubongo, uti wa mgongo au goti. Picha hizo zinatokana hasa na protoni za maji na mafuta mwilini. Ndani ya sumaku yenye nguvu ya Tesla 1, protoni huitikia mawimbi ya redio ya megahezi 42.58. Kwenye mashine ya Tesla 3, hiyo inakuwa kama megahezi 128, juu kidogo tu ya pale redio zetu za FM zinapoishia, kwenye 108. Kwa maneno mengine, MRI ni kazi ya redio. Unatuma wimbi, mwili unajibu, unasikiliza.

Uhondo uko hapa. Protoni iliyo ndani ya maji na protoni iliyo ndani ya NAA hazijibu kwa masafa yaleyale. Elektroni zinazoizunguka kila protoni huikinga kidogo dhidi ya sumaku, na kinga hiyo inategemea protoni imekaa kwenye molekuli gani. Tofauti ni ndogo mno, sehemu chache tu kwa milioni, lakini ipo na haibadiliki. Upigaji picha wa kawaida huipuuza. Spektroskopia, yaani MRS, ndiyo hiyo hasa inayoitafuta: badala ya kuchora picha, inapanga majibu kulingana na masafa, na kila kemikali inasimama mahali pake. NAA kwenye 2.01. Kreatini, inayohusika na nishati ya seli, kwenye 3.03. Kolini, inayohusika na utando wa seli, kwenye 3.2. Mayo-inositoli karibu na 3.5. Laktati, inayoongezeka tishu inapokosa oksijeni, inajitokeza kama vilele viwili pacha kwenye 1.3.

Sayansi hii ina historia ndefu, na Oxford imo ndani yake tangu mwanzo. Mwaka 1974 kundi la watafiti wa huko, George Radda akiwemo, lilipima fosforasi kwenye msuli mzima wa mguu wa panya na kuona ATP na fosfokreatini, kemikali za nishati ya seli, kwa sumaku. Mwaka 1981 wakaripoti mgonjwa aliyeshukiwa kuwa na ugonjwa wa McArdle. Misuli yake ilipofanya kazi haikuzalisha asidi kama misuli ya watu wengine, na sumaku ikaonyesha hivyo bila kumtoa kipande cha nyama. Kemia ya mtu aliye hai ikasomwa kutoka nje ya ngozi!

Sasa kwa nini, baada ya miaka yote hiyo, MRS haijawa kipimo cha kila siku kama picha? Kwa sababu ni ngumu. Maji kwenye ubongo ni mengi kuliko NAA kwa maelfu ya mara, na NAA yenyewe ni miongoni mwa metaboliti, yaani kemikali za kazi ya seli, zilizo nyingi zaidi. GABA, kemikali inayotuliza seli za neva, iko chini zaidi. Kuisikia ni sawa na kumsikiliza mtu anayenong'ona wakati king'ora cha kiwanda kinalia. Ndiyo maana kisanduku cha kupimia huwa kikubwa: picha ya MRI inaweza kuonyesha kitu cha milimita 1, lakini MRS kwa kawaida inataka kisanduku cha sentimita 2 kila upande, na kwa GABA sentimita 3. Na hata hapo kipimo kinarudiwa tena na tena ili kelele ipungue.

Kwa hiyo anayetaka kuiboresha MRS ana njia mbili. Ya kwanza ni sumaku kubwa zaidi, Tesla 7 na kwenda juu, kwa pesa ambazo hospitali nyingi duniani hazina. Ya pili ni akili zaidi katika kuchakata data ambazo sumaku zilizopo tayari zinatoa. FSL-MRS ni njia ya pili, na njia ya pili inafika mpaka Mgololo.

Kilichomo ndani ya kifurushi

Kifurushi kimejaa. Kwanza kuna kigeuzi cha data kiitwacho spec2nii. Zamani kila kampuni ya mashine, Siemens, Philips au GE, ilihifadhi data za MRS kwa muundo wake, na mtafiti alitumia muda mwingi kufungua mafaili kabla hata hajaanza kupima. Mwaka 2022 Clarke na wenzake wakatangaza muundo mmoja wa pamoja uitwao NIfTI-MRS. Data kutoka mashine yoyote kati ya hizo zinaingia kwenye muundo uleule, zinasomeka kwa programu zilezile. Ni hatua kubwa kuliko inavyosikika, maana anayejifunza kwa mashine moja anaweza kusoma data za mashine zote.

Kisha kuna zana za kusafisha data, zana ya kuunda kwa hesabu umbo la kila metaboliti, zana ya kupima kisanduku kimoja, nyingine ya kupima visanduku vingi kwa mkupuo ili upate ramani ya kemikali, na nyingine ya kufuatilia kemikali zinavyobadilika dakika hadi dakika. Zote zimeandikwa kwa Python na msimbo wake uko wazi. Ukitaka kujua kilele fulani kimehesabiwaje, unafungua faili na kusoma mwenyewe.

Linganisha na ilivyokuwa. Tangu mwaka 1993, programu iliyotawala kazi hii ilikuwa LCModel ya Stephen Provencher. Ni programu nzuri na wazo lake kuu ndilo linaloendelea kutumika, lakini kwa muda mrefu iliuzwa kwa leseni. Sasa hata hiyo imekuwa ya bure, na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani kimetoa Osprey, programu nyingine yenye msimbo wazi, mwaka 2020. Mlango ambao miaka mingi ulifunguliwa kwa pesa sasa uko wazi, na sisi tuna haki ya kuingia.

Naiendesha, na kope sifumbi

Kuiweka kunataka mtandao mzuri, basi bando la usiku ndilo rafiki yako. Mimi nimetumia Linux. Programu inatembea kwa amri za kuandika, haina vitufe vya kupendezesha, na hilo halikunisumbua hata kidogo, kwa sababu kila amri inafanya jambo moja na unaona matokeo yake palepale.

Data ghafi zinafunguliwa. Kumbuka kwamba kipimo kimoja cha MRS kina vipimo vingi ndani yake: mashine inaweza kurudia mara 64 au 128, na kila mara antena zote za koili ya kichwa zinasikiliza kwa wakati mmoja. Hatua ya kwanza inaunganisha antena hizo, ile iliyo karibu na kisanduku ikipewa uzito mkubwa zaidi. Hatua ya pili ndiyo iliyonifanya nisogeze kiti.

Inaitwa kulinganisha masafa, yaani kuvipanga vipimo vyote kwenye mstari mmoja. Sumaku ikipata joto kutokana na kazi, masafa yake husogea kidogo. Mtu akitikisa kichwa, masafa husogea tena. Kila kipimo kinakuwa hezi chache kando ya mwenzake, na ukivijumlisha hivyo hivyo, kilele kinapanuka na kuwa kilima butu. Programu inakichukua kila kimoja, inakadiria kimesogea kiasi gani, inakirudisha mahali pake, kisha inakuonyesha kabla na baada, kimoja juu ya kingine. Kabla: vichwa vya vilele vimetawanyika. Baada: vimesimama kwenye mstari! Data ni zilezile, sumaku ni ileile, hakuna hata shilingi moja iliyoongezwa, na kipimo kimekuwa bora mbele ya macho yako.

Kisha wastani. Hapa kuna hesabu ambayo kila mpenzi wa MRS anapaswa kuijua: ubora wa ishara dhidi ya kelele hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya marudio, yaani kipimo kilichorudiwa mara 64 ni bora mara 8 kuliko kilichochukuliwa mara moja. Ukitaka ubora uzidi maradufu, muda wa mgonjwa kulala unazidi mara 4. Ndiyo maana kila hatua ya kusafisha inayookoa ubora bila kuongeza muda ni dhahabu. Mtoto mchanga au mgonjwa mwenye maumivu hawezi kulala kimya nusu saa.

Baada ya hapo programu inarekebisha mikondo ya umeme inayozaliwa ndani ya vyuma vya mashine, inafuta mabaki ya maji, inanyoosha mawimbi. Grafu inatulia. Ukungu unaondoka. Na hapo ndipo kilele cha 2.01 kinapojitokeza, na kreatini, na kolini pembeni yake.

Sasa hatua ya mwisho. Programu ina maktaba ya maumbo: NAA safi inaonekanaje, glutamati safi inaonekanaje, na nyingine nyingi. Inayachanganya maumbo hayo kwa viwango mbalimbali mpaka mchanganyiko ulale juu ya data. Kiwango kilichohitajika kwa kila umbo ndicho kiasi cha kemikali hiyo. Ripoti inafunguka kwenye kivinjari cha kawaida: mstari wa data, mstari wa modeli juu yake, na mabaki yaliyoshindikana kuelezwa. Unaweza kukuza sehemu unayoitaka na kutazama kila metaboliti imechangia nini kwenye umbo zima. Unaona kwa macho jinsi GABA ilivyojificha chini ya kreatini kwenye 3.0, pale ambapo jicho tupu lingeapa kuna kilele kimoja tu.

Programu inayosema ukweli wake

Nilichokipenda kuliko vyote ni hiki: FSL-MRS haikupi namba tupu. Kila namba inakuja na kiwango chake cha mashaka, pamoja na upana wa vilele na ubora wa ishara. Ukitaka zaidi, unaiambia itumie njia ya kubahatisha kwa mpangilio maelfu ya mara, na inakutolea mgawanyo wote wa majibu yanayowezekana.

Chukua glutamati na glutamini. Kwenye Tesla 3 vilele vyao vinapandana sana. Ungeweza kupewa namba mbili tu ukaridhika. Hii inakuonyesha jedwali la uhusiano, na pale unaona kwamba kila namba ya glutamati inapopanda, ya glutamini inashuka. Maana yake ni kwamba kwa data hizi jumla yao unaweza kuiamini kuliko kila moja peke yake. Na programu inakuruhusu kuzijumlisha kwa amri moja. Kifaa kinachokwambia wazi mpaka wake uko wapi ni kifaa cha kuaminika, na kwa kipimo kinachohusu ubongo wa mtu huo ndio uungwana wa kwanza.

Inajua pia kwamba kisanduku cha sentimita 2 hakina tishu ya aina moja tu. Ukiipa picha ya ubongo wa mtu huyohuyo, inakadiria ni kiasi gani cha kisanduku ni tishu ya kijivu, kiasi gani nyeupe, kiasi gani maji ya ubongo, kisha inarekebisha hesabu. Maji yanayopimwa bila kuzimwa yanatumika kama kipimo cha rejea, na unapata milimoli badala ya uwiano tu.

Kwa nini Nyanda za Juu Kusini tunapaswa kushangilia

Hapa ndipo moyo wangu unadunda. Huku kwetu, kuanzia Mufindi hadi Mbozi na Rungwe, nguruwe ni mfugo wa nyumbani na kitimoto ni chakula cha watu. Pamoja nacho yupo tegu wa nguruwe, Taenia solium. Mayai yake yakiingia kwa binadamu kupitia uchafu, viluwiluwi vinaweza kujichimbia kwenye ubongo na kusababisha kifafa. Si hadithi. Watafiti wa Tanzania, pamoja na wenzao wa Ulaya, wamefanya kazi Vwawa na Tukuyu kutafuta kipimo cha haraka cha maambukizi haya, na baadhi ya washiriki wakapelekwa Mbeya kupigwa CT scan ya kichwa.

CT inaona vizuri kovu lililokomaa na kuwa gumu kama chokaa. Lakini uvimbe mbichi wenye maji ndani unaweza kufanana na kifua kikuu cha ubongo, na tiba zake si moja. MRS inaweza kusaidia kusema. Ndani ya uvimbe wa tegu, watafiti wa nchi mbalimbali wameona laktati, alanini, asetati na suksinati. Kwenye uvimbe wa kifua kikuu kinachotawala ni kilele kikubwa cha mafuta karibu na 1.3. Bado si kipimo cha kutegemea peke yake, na uvimbe mdogo kuliko kisanduku unachanganyika na tishu ya jirani, lakini ndiyo hasa sababu ya kutaka MRS iliyo bora, yenye kisanduku kidogo na data safi. Hili ni tatizo letu. Nani alitatue kwa bidii kuliko sisi?

Kuna watoto pia. Kila mkunga anamjua mtoto aliyezaliwa amechoka, aliyechelewa kulia. Mama anauliza swali moja: atapona? Mwaka 2019 utafiti uitwao MARBLE, uliofanywa katika hospitali za Uingereza na Marekani kwa watoto 223 wa aina hiyo, ulionyesha kwamba kiasi cha NAA kwenye thalamasi, sehemu ya ndani ya ubongo, kikipimwa kwa MRS wiki mbili za mwanzo, kinatabiri maendeleo ya mtoto kwa usahihi mkubwa kuliko picha za kawaida. Kemikali moja, kisanduku kimoja, dakika chache!

Na kuna VVU. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 uliiweka Njombe kwenye asilimia 12.7 ya maambukizi na Iringa asilimia 11.1 kwa watu wazima, viwango vya juu kuliko mikoa mingine. MRS inaweza kuonyesha kolini na mayo-inositoli zikipanda ubongo unapopambana na uvimbe wa ndani, na NAA ikishuka neva zinapoumia, wakati mwingine picha ikiwa bado haijasema kitu.

Vipi kuhusu mashine ndogo?

Wapenzi wa MRI Afrika Mashariki wote tunaijua habari ya Mbarara. Mwaka 2022, Johnes Obungoloch na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, pamoja na wataalamu kutoka Leiden na Delft, Uholanzi, na Penn State, Marekani, waliunganisha mashine ya MRI palepale chuoni kwa sumaku ndogo ndogo za kudumu zilizopangwa kwenye duara. Haihitaji heliamu ya kupoozea, haihitaji chumba cha mamilioni. Lengo lao kubwa ni watoto wenye vichwa vikubwa kwa sababu ya maji kujaa ubongoni. Ni kazi ya kujivunia Afrika nzima.

Je, inaweza kufanya MRS? Bado, na sababu yake inafundisha. Nguvu ya sumaku ile ni kama Tesla 0.05. Kwenye Tesla 3, umbali kati ya kilele cha NAA na cha kreatini ni kama hezi 130. Kwenye Tesla 0.05 umbali huohuo unakuwa hezi 2 tu, na uga wa sumaku za aina hiyo haujatulia kiasi cha kuzitenganisha. Ishara nayo inakuwa dhaifu mno. Kwa hiyo mashine ndogo zitupe picha, na kemia ya ubongo tuisome kwenye Tesla 1.5 na Tesla 3 zilizoko hospitali kubwa. Kila mashine na kazi yake.

Kasoro, maana zipo

Maelekezo yote ni ya Kiingereza. Hakuna hata ukurasa mmoja wa Kiswahili, na hilo ni pengo tunaloweza kuliziba sisi wenyewe.

Maktaba ya maumbo lazima ilingane na namna mashine ilivyopima. Kuna mbinu za kupima kama sLASER na PRESS; ukitumia maktaba ya sLASER kwa data za PRESS, namba zitatoka lakini hazitakuwa na maana. Hapo inafaa kujua kwamba mwaka 2019 wataalamu wa MRS walikubaliana kupendekeza sLASER kwa mashine za Tesla 3, kwa sababu kwa PRESS kisanduku cha laktati na kisanduku cha NAA havikai mahali pamoja kabisa, kimoja kinasogea milimita kadhaa.

Data mbaya zinabaki mbaya. Kama fundi wa mashine hakuisawazisha sumaku vizuri kabla ya kupima, hakuna programu itakayomwokoa.

Na jambo la msingi: FSL-MRS ni chombo cha utafiti na kujifunza. Haitoi uamuzi wa tiba. Anayetaka kuitumia kwa data za wagonjwa apate kibali cha maadili ya utafiti na aheshimu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Inamfaa nani?

Mwanafunzi wa fizikia au kemia pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, hii ni maabara ya spektroskopia ambayo chuo hakihitaji kuinunua. Mwanafunzi wa udaktari, hapa utaielewa biokemia kuliko kwenye mchoro wa ubaoni. Fundi wa mitambo kiwandani anayejua mawimbi, vichujio na kelele, karibu, asilimia kubwa ya hesabu hizi unazijua tayari. Mwalimu wa kompyuta, hii ni Python yenye maana. Ukimaliza data za mfano, kuna Big GABA, mkusanyiko wa data kutoka vituo 24 na watu 272, kwa mashine za kampuni tatu, uliowekwa wazi kwa watafiti. Kazi haiishi!

Hukumu

FSL-MRS ni bora. Naipa alama zote kwa uwazi wa msimbo, zote kwa ukweli wa namba zake, na napunguza kidogo kwa ugumu wa kuanza. Imenithibitishia kwamba MRS haiboreshwi kwa kununua sumaku kubwa peke yake. Inaboreshwa na watu wanaokaa chini na data, wakazipanga, wakazisafisha, wakauliza namba hii naiamini kiasi gani. Kazi hiyo inaweza kufanyika popote penye umeme, kompyuta na kichwa kinachofikiri.

Wakuu wa vitengo vya radiolojia kwenye hospitali zetu za rufaa, ulizeni kama mashine yenu ina kifurushi cha spektroskopia, na kama kipo kitumieni. Vyuo vyetu, wekeni somo hili kwenye mtaala. Na wewe kijana wa Mgololo, Mafinga, Makambako, Tukuyu au popote unaposoma haya: pakua programu leo, fungua data za mfano, kitafute kilele cha 2.01. Ukikipata, mfundishe mwenzako.